Mchezo Uliokosa Bahati Mbaya

Tangu nirudi sipiti njiani bila kusimamishwa. Mmoja anauliza Kavira alifika vipi, mwingine anataka kujua nani alimwambia, wa tatu amesikia kwamba tulikuwa tunacheza michezo ya watoto huku tukienda matanga na anauliza kama ni kweli. Ni kweli. Nimechoka kulisimulia jambo hili vipande vipande huku sufuria ikiungua jikoni, basi nimekaa niliandike lote mara moja. Atakayebaki na swali amuulize Kavira mwenyewe. Habari za kutafuta gari na karatasi za njia naziruka, kwa sababu mnazijua na zinakera.

Goma hadi Rugari

Kwa wasiomfahamu, Kavira ni mke wa kaka yangu, mtoto wa Vitshumbi, kule kwenye ziwa. Ana mtoto mchanga, Neema, ambaye bibi yake wa huko hakuwahi kumwona. Bibi huyo, Mama Kanyere, alikuwa anaumwa tangu kabla Neema hajazaliwa, na safari ya kumpelekea mjukuu ilipangwa na kuahirishwa mara nyingi kwa sababu ya njia. Kila ilipoahirishwa Kavira alisema haidhuru, kisha akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Asubuhi ile kaka yangu aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameegemea magongo yake, mguu ukiwa bado ndani ya plasta tangu alipoanguka kwenye ujenzi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mjomba wa Kavira amepiga simu: Mama Kanyere amefariki alfajiri. Vitshumbi ni joto na hakuna mahali pa kumhifadhi marehemu, lakini wangemngoja binti yake hadi kesho mchana. Zaidi ya hapo wasingeweza. Kavira alikuwa ameambiwa tu kwamba mama amezidiwa na anamwita. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha kabla ya mazishi, na kumfikisha bila yeye kujua.

Kwetu msiba hauambiwi kwenye simu wala njiani. Mtu anafikishwa nyumbani, anaketishwa, wanawake wanamzunguka wakiwa tayari kumshika, ndipo mmoja wao anasema. Tena huyu alikuwa ananyonyesha, na wakubwa wetu wanaamini kwamba habari kama hiyo ikimkuta mama mahali pabaya maziwa yanakauka. Nilifikiria ile njia ya mbugani, nikamfikiria mtoto ambaye hajafikia hata umri wa kupewa uji, nikakubali. Lakini nilijiuliza kama nyinyi mnavyojiuliza sasa hivi: katika ukoo mzima, siri hii ilikosa nani hata ikabidhiwe mimi? Mtaa wote unajua sina kifua. Kaka yangu alijua pia, ila kwa mguu ule hakuwa na mwingine wa kumtuma.

Simu ya Kavira, kaka yangu alikuwa ameshaichukua, kwa kisingizio kwamba yake imeharibika na watoto watahitaji kupiga. Yangu niliizima kabla hatujapanda.

Tulipanda kamiyo, lori lililobeba magunia ya chumvi kwa ajili ya wauza samaki. Shofere aliitwa Papa Paluku, mtu wa Butembo, mnene, mpole, mwenye kofia ambayo nadhani analala nayo. Juu ya chumvi tulikaa na Mama Masika, anayenunua samaki Vitshumbi na kuwauza Goma, na Muzee Sebahire wa Rutshuru, mfugaji wa mbuzi, aliyekuwa anaenda kumtembelea binti yake aliyeolewa kule Vitshumbi. Wapo wengine waliopanda na kushuka njiani, lakini hao hawana sehemu katika habari hii.

Muzee Sebahire ni mtu wa maswali. Kabla hatujafika Kibumba alikuwa ameshajua Kavira ni binti ya nani na anaenda kufanya nini. Mama Masika naye akadakia kwamba Mama Kanyere anamfahamu sana, kwamba alimwacha kitandani juzijuzi tu, bado anatambua watu. Basi wakaanza kupokezana. Anakula? Anakaa? Umeongea naye leo? Kavira alikuwa anajibu taratibu, mtoto kifuani, kwamba anasikia mama hawezi tena kushika simu. Kila swali lilinichoma mimi. Kibumba ni baridi, wote mnajua, lakini mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho.

Tulipofika Rugari gurudumu la nyuma likapasuka. Nakiri kwamba nilishukuru.

Rugari hadi Kalengera

Shukrani zangu hazikudumu. Papa Paluku alipolala chini ya kamiyo na funguo zake, Muzee Sebahire alijitafutia jiwe la kukalia karibu kabisa na Kavira, akajiweka vizuri, na nikaona maswali yanarudi. Hapo nikafanya kitu pekee ninachokijua. Nikasema tucheze hadithi, kama ninavyofanya Jumamosi na watoto kwenye uwanja wa parokia.

Nilianza na mchezo wa vitu. Kila mtu anatoa kitu kimoja kwenye mfuko wake, kitu chochote, na hadithi ikimfikia lazima ipite kwenye kitu hicho. Hakuna anayejua inaelekea wapi, na hakuna anayejiandaa. Sharti ni moja: alilosema mwenzako limeshakuwa. Huwezi kulikataa wala kulifuta, unaliendeleza tu. Sharti hilo ndilo linalowashinda watoto, kwa sababu kila mmoja anataka kumfufua simba ambaye mwenzake amemuua.

Mama Masika alitoa kisu cha kupasulia samaki. Muzee alitoa chupa ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Papa Paluku, kutoka chini ya kamiyo, alinyoosha mkono wenye bisibisi. Mimi nikatoa sindano yangu, nikaanza na mwanamke wa Rumangabo aliyekuwa anashona mlangoni, kivuli chake kikang'oka kwenye uzi na kukimbia. Muzee akasema kivuli hicho kilikuwa na minyoo, ndiyo maana kilikuwa chembamba, akakinywesha dawa kikanenepa hadi kikafunika mlima. Mama Masika akakikata vipande kwa kisu na kuviuza sokoni kwa watu wanaofanya kazi juani. Papa Paluku akavikamata vyote na kuvifunga upya kwa bisibisi, isipokuwa kipande cha mguu mmoja, ambacho alisema kilikuwa kimeshauzwa Bunagana. Tulicheka sana. Wapita njia walisimama kusikiliza, na mimi nikaanza kuamini kwamba tutafika.

Kisha ikawa zamu ya Kavira. Akafungua mfuko wa mtoto, akatoa sabuni ya kunukia iliyofungwa kwenye karatasi yake, akasema hii ni ya mama, anapenda kuoga na sabuni ya harufu. Halafu akaendeleza hadithi vizuri kabisa. Kile kivuli kilikuwa kimepita kwenye mikono mingi, kinanuka samaki na mafuta ya gari, kikaona haya kurudi nyumbani, mpaka mwenyewe akakifuata na sabuni hii, akakiosha, kikarudi. Watu wakapiga makofi. Mimi niligeuka upande wa mlima nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Gurudumu la akiba nalo lilikuwa linapoteza upepo, kwa hiyo tulikwenda mwendo wa jongoo hadi Kalengera. Pale Papa Paluku aliegesha mbele ya mtu wa kuziba magurudumu, akaagiza nyama ya mbuzi, akatangaza kwamba tutalala hapo. Magari ya kuvuka mbuga yanaondoka Kiwanja asubuhi kwa pamoja. Tungelala Kalengera yangetuacha, na mazishi yangepita. Nikamwomba tuendelee. Akakataa kwa upole. Nikamwomba tena, akaniuliza nina haraka ya nini, kamiyo ya chumvi si gari la wagonjwa. Nikamvuta nyuma ya magunia.

"Papa Paluku, mama ya Kavira amekufa," nikamwambia. "Banamungoja mpaka kesho muchana. Yeye hajui."

Alivua kofia yake, akaishika mbele ya tumbo.

"Sasa ulikuwa unangoja nini kuniambia?" akasema.

Nilimsihi asimwambie mtu yeyote, na aliniapia. Akaenda kuwahimiza wale wa gurudumu, akaomba nyama ifungwe tuile njiani. Mimi nikarudi kwa Kavira nikijiona nimefanya jambo la busara. Lakini tulipopanda tena, Mama Masika hakuwa na sauti, na Muzee Sebahire alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Papa Paluku naye hakuwa na kifua.

Kalengera hadi Kiwanja

Kuanzia hapo ulikuwa wema mtupu. Papa Paluku alimwomba Kavira akae mbele, kwenye kiti, na Kavira akakataa, akisema juu ya chumvi kuna upepo na mtoto anasinzia vizuri. Mama Masika akatandika blanketi lake mwenyewe, lile jipya alilokuwa anakwenda kuliuza. Muzee akachambua nyama ya mbuzi kwa vidole akimpa vipande visivyo na mfupa. Tulipofika Rubare akamnunulia maparachichi. Pale Rutshuru akamnunulia ndizi, na alipoona ndizi haziliwi akanunua nanasi. Mapaja ya Kavira yalijaa matunda hadi akakosa mahali pa kumweka mtoto, ikabidi nimpokee.

Maswali yakaisha kabisa. Muzee, ambaye asubuhi alitaka kujua hata mama huyo analalia upande gani, sasa alitueleza habari za mbuzi kutoka kuzaliwa hadi kuchinjwa, bila kupumzika. Nilimhurumia. Lakini sikuona hatari yake. Niliona tu kwamba siri imekaa, na nilikuwa nahesabu hilo kuwa ushindi wangu.

Kabla ya kuingia Kiwanja tulisimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha kamba iliyokatiza njia. Wale wenye kamba walitaka magunia yote yashushwe wayaangalie, kazi ya kumaliza jioni nzima. Papa Paluku akashuka, akaongea na mkubwa wao pembeni. Yule akaja hadi ubavuni mwa kamiyo, akatutazama mmoja mmoja, akasimama kwa Kavira. Kisha akaifungua kamba kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia pole, mama.

Kavira akaniuliza pole hiyo ni ya nini. Nikajibu ni ya safari, watu wa huku wana adabu. Alinitazama kwa muda, kisha akamfunika mtoto.

Kiwanja tulikula kwa mama mmoja anayepika karibu na maegesho: bugali, sombe ya majani ya muhogo na maharagwe, chakula cha moto, na baada ya vumbi la siku nzima kilikuwa kitamu hadi nikaona aibu kukifurahia. Jua lilikuwa bado halijazama. Kavira alikula kidogo, akanawa mikono, akasema tucheze tena, muchezo mwingine. Sikuwa na sababu ya kukataa.

Nikawapa mchezo wa bahati. Huu ni mwepisi zaidi. Mtu wa kwanza anasema sentensi yenye bahati nzuri, anayefuata lazima alete bahati mbaya, wa tatu bahati nzuri, hivyo hivyo, hadithi inapanda na kushuka. Watoto wanaupenda kwa sababu ya bahati mbaya. Ndiyo inayochekesha. Nikaanza: mtu mmoja wa Kiwanja, bahati nzuri, alipewa baiskeli mpya.

Zamu ikaenda kwa Muzee Sebahire, na bahati mbaya ilikuwa yake. Alifungua mdomo, akamtazama Kavira, akaufunga. Akasema, bahati nzuri, baiskeli ilikuwa na kengele. Nikadhani hajaelewa. Mama Masika akasema, bahati nzuri, kengele ilikuwa inasikika mbali. Papa Paluku, bila kuinua macho kwenye sahani, akasema bahati nzuri hata njia yenyewe ilikuwa imetengenezwa. Mimi nikajua nifanye nini kama mwenye mchezo. Nilitakiwa kupasua gurudumu, kuleta mvua, kuleta mwizi. Nikasema, bahati nzuri, mtu huyo alifika.

Hakuna aliyecheka. Kavira alitupitia kwa macho, mmoja baada ya mwingine.

"Bahati mubaya iko wapi mu hii muchezo?" akauliza.

Mwenye chakula alikuja kukusanya sahani, na kila mmoja wetu akaanza kumsaidia, hata muzee, ambaye sidhani kama amewahi kushika sahani chafu maishani mwake. Kavira akamwinua Neema, akatuaga vizuri, akaenda kulala.

Kiwanja hadi Rwindi

Asubuhi tuliondoka na magari mengine, tukiwa katikati ya msafara. Baada ya Mabenga njia ikafunguka, milima ikabaki nyuma, na joto la bondeni likatupokea. Nyani walikaa kando ya barabara wakitutazama. Siku nyingine ningewafurahia. Siku hiyo nilikuwa naangalia jua tu, nikipima lilipo na linapokwenda.

Karibu na Rwindi msafara ukasimama. Mvua ilikuwa imenyesha na kulainisha njia, na kamiyo moja iliyotutangulia ilikuwa imezama magurudumu ya upande mmoja na kulala karibu kuziba njia yote. Watu wake walikuwa wamekata tamaa mapema. Walikaa kwenye nyasi wakila karanga na kusubiri kamba kutoka nyuma. Papa Paluku alikwenda kuwaangalia akarudi akitikisa kichwa. Alinong'ona kwamba hao hawana haraka, na kwamba hakujua awaambie nini, maana Kavira angesikia. Jua lilikuwa linapanda. Tukakaa kwenye kivuli cha kamiyo yetu, watu wazima wanne tunaojua kitu kimoja, kila mmoja akitafuta mahali pa kuweka macho yake.

Kavira alimaliza kunyonyesha, akamweka mtoto begani. Kisha akasema leo yeye ndiye anaanza. Alitaka ile hadithi ya kawaida ya kupokezana, kila mtu na sentensi yake, bila vitu na bila bahati.

"Kulikuwa mama moja, alikuwa anaikala pembeni ya ziwa," akaanza. "Alikuwa anauzishaka samaki. Endelea, Mama Masika."

Mama Masika alinitazama mimi. Ningeweza kusema mchezo umeisha, tunywe maji. Sikusema. Mama Masika akavuta kitenge chake, akaingia kwenye hadithi kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Akasema mama huyo, ukienda kununua kwake, kwanza alikuwa anaangalia kama umebeba mtoto mgongoni. Ukiwa naye, anakuongezea samaki mmoja na kusema huyu ni wa mtoto. Hata mtoto akikua na kuacha kubebwa, aliendelea kukuongezea.

Muzee Sebahire hakuwahi kumwona Mama Kanyere. Akasema mama huyo alikuwa na binti, na alimlea vizuri, hadi binti huyo akaweza kusafiri na watu wajinga juu ya chumvi na asiwakasirikie. Kavira akatabasamu kidogo. Papa Paluku akasema yeye aliwahi kukwama na gari Vitshumbi siku za mafuriko, na mama mmoja alimletea bugali na samaki bila kumwuliza jina. Huenda ni huyo, huenda ni mwingine, lakini tangu siku ile mamama wa pale wote ni wake.

Ikawa zamu yangu. Mimi, ninayewaambia watoto kila Jumamosi kwamba neno lolote linatosha, sema tu lililo mdomoni. Mdomoni hamkuwa na kitu. Kavira alinisubiri. Alipoona siwezi, aliichukua zamu yangu mwenyewe, polepole, akimpapasa mtoto mgongoni.

"Mutoto wake akapanda kamiyo juu ya kuenda kumuona. Mpaka Kalengera, batu bote balikuwa banamuuliza, mama yako iko namna gani. Kutoka Kalengera hakuna mutu aliuliza tena. Hapo njo akajua."

Akamfuta Neema mdomo.

"Akanyamaza," akasema, "sababu aliona namna balikuwa banachoka kumuficha."

Lililosemwa lilikuwa limeshakuwa, na hakuna aliyejaribu kulifuta. Mama Masika aliinuka akaenda nyuma ya kamiyo, na tukamsikia analia huko. Mimi nilipiga magoti mbele ya Kavira nikamwomba anisamehe. Nilikuwa naangalia kifua chake kwa woga wa yale maneno ya wakubwa. Alijua ninaangalia nini. Akafungua kitambaa, akajikamua kidogo, maziwa yakamdondokea kwenye mkono.

"Ona, muramu, maziwa iko," akaniambia, kwa jina lile analoniita kama wifi yake. "Sasa niambie banazika saa gani."

Nikamwambia mchana. Aliangalia jua kama nilivyokuwa naliangalia mimi tangu Mabenga. Akanipa mtoto, akaenda kwa miguu yake hadi kwa wale waliokaa kwenye nyasi. Sikusikia alichowaambia. Niliona tu wanaume wanaacha karanga zao na kuvua viatu. Walishusha mzigo wote wa kamiyo ile, wakachimba, wakaweka mawe, na madereva wa nyuma wakaja kusukuma pamoja nao bila kuitwa mara mbili. Papa Paluku alisukuma hadi kofia yake ikaanguka topeni na hakuiokota. Tukapita. Nilijisikia vibaya nilipofikiria muda tuliopoteza pale kivulini kwa kumficha mtu jambo alilolijua.

Rwindi hadi Vitshumbi

Sehemu iliyobaki ni fupi, na hatukucheza kitu. Kavira alinawa uso kwa maji ya chupa, akajifunga kitambaa kichwani upya. Tulipoanza kuona maji ya ziwa alitugeukia, akatuomba tusimwambie mtu kwamba anajua. Tantine wake, mdogo wa mama yake, angekuwa amejiandaa tangu jana kumpa habari hiyo, na amekusanya wanawake. Mwacheni aniambie, alisema. Tukaitikia. Muzee Sebahire akasema safari hii hata mbuzi wake hawatasikia.

Vitshumbi ilikuwa na joto na harufu ya samaki, na wale makorongo wakubwa wenye vipara wamesimama juu ya mabati. Nyumba tuliiona kwa mbali kwa sababu ya watu. Walikuwa wanalia, na walipotuona kilio kikakatwa ghafla, wakanyamaza wote, kama desturi inavyotaka. Wanaume wenye majembe walisogea nyuma ya ukuta ili wasionekane. Wanawake wawili walimshika Kavira mikono tangu anashuka kwenye kamiyo. Wakampitisha hadi ndani, chumba cha pembeni, wakamketisha kwenye mkeka, wakamzunguka. Mimi niliketi nyuma yake na Neema.

Tantine akaja akapiga magoti mbele yake. Ni mama mdogo wa umbo, macho yalikuwa yamevimba. Alikuwa na kikombe cha maji mkononi.

"Kavira, mutoto wangu," akasema, "mama yako hakuweza kukungoja."

Niliogopa Kavira ataigiza vibaya, kwamba watagundua kwamba sisi ndio tuliompa habari. Lakini hakuigiza chochote. Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo, akapokea kikombe na kunywa. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Aliomba aambiwe mama yake alikufa namna gani, yote, kuanzia mwanzo. Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa tumemficha kifo tu, na kifo chenyewe alikipata bila sisi. Haya mengine hakuna mtu kwenye kamiyo ambaye angeweza kumpa.

Tantine akaanza. Alieleza siku mama alipokataa chakula, na alivyokubali tu mchuzi, tena wa samaki wadogo. Alipochoka, mwingine akaendelea: walimhamishia karibu na dirisha kwa sababu alitaka kusikia watu wakishusha samaki asubuhi. Jirani mmoja akasema alimsuka nywele mwenyewe, na kwamba hakulalamika. Mwingine akasahihisha kwamba alilalamika, alisema unanivuta, na wakacheka kidogo kwa huzuni. Waliendelea hivyo kila mmoja na alichokiona, bila haraka, ingawa wanaume walikuwa wanangoja nje na jua limefika katikati. Kavira alisikiliza yote. Alikuwa anauliza maswali madogo, alivaa nini, nani alikuwa amemshika. Jicho lake lilikuwa kavu, na nilianza kuogopa, nikidhani labda tulimchosha njiani hadi machozi yakaisha.

Mwishoni Tantine akashika mkono wake.

"Kila siku alikuwa anatuuliza, ule mutoto iko na masikio ya nani," akasema. "Tunamuambia hatujui, mama, hatujamuona."

Kavira akageuka akamchukua Neema mikononi mwangu. Akamvua kofia ya sufu, akamgeuza upande, akamsogeza mbele ya Tantine. Tantine aliangalia sikio moja, akamgeuza mtoto taratibu akaangalia la pili, akaligusa kwa kidole.

"Ni ya mama yako," akasema.

Hapo ndipo Kavira alipolia.